Kishikwambi Kilitaka Idadi

Kishikwambi changu kilikuwa kimegoma kwenye swali la kwanza, na mimi hasira zangu ziko karibu. Watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi? Bila idadi hakisogei. Na bila majibu yetu sisi wahudumu wa afya wa vijijini, ofisi ya Kisumu haingejua pa kupeleka dawa, wakati kipindupindu kilikuwa tayari kimeingia Usenge.

Mama mwenye nyumba alikuwa mlangoni akigeuza omena, vile vidagaa vya ziwani, kwenye wavu. "Watoto si ya kuhesabu, sista," aliniambia bila kuinua kichwa. "Hao ni wa Nyasaye, ni wa Mungu."

Nililijua hilo. Hata mama yangu, ukimuuliza, atakuambia ana watoto wa kutosha, basi; kuwahesabu ni kuwaitia mabaya. Aliyetunga swali lile hajawahi kukaa na mama wa huku kwetu. Nilitamani kukitupa kile kidude ziwani.

Nikapumua. "Sawa, mama. Basi nionyeshe tu vikombe ulivyowapakulia uji asubuhi."

Alicheka, akaingia ndani, akaja na vikombe kwenye sinia. Vyote vilikuwa vimelambwa, isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimejaa, uji umeganda juu.

"Na hiki je?"

"Huyo amekataa. Tumbo inamsumbua kidogo tu. Amelala."

Niliingia bila kukaribishwa. Nyuma ya pazia kulikuwa na mtoto juu ya mkeka, macho makavu yamezama. Nilimfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama; maji yalikuwa yamemwishia mwilini. Niliogopa, nikapiga kelele.

"Mama, mbebe! Twende sasa hivi!"

Kishikwambi nilikiacha pale pale, bado kinadai idadi yake. Tulipanda pikipiki, mtoto katikati yetu, na njia nzima nilimsemesha bila kujibiwa.

Kwenye kituo cha afya, nesi alitafuta mshipa mkononi akaukosa. Akajaribu mkono wa pili. Mwishowe aliupata mguuni, na mtoto hakulia wala kutoa chozi hata sindano ilipomwingia. Mama yake nami tulikaa tukiangalia dripu ikidondoka.

Chupa ya kwanza iliisha, nyingine ikatundikwa. Ndipo mtoto akakunja uso, akalia, machozi yakamtiririka.

Mama yake akanyoosha leso ayafute. Nesi akamshika mkono.

"Wacha kwanza, mama. Wacha niyaone."