Gauni la Mjumbe wa Ureno

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Alhamisi, niliingia darasa la tano la shule yetu ya Turffontein nikiwa mjumbe wa Ureno. Hadi leo, harufu ya kitenge kipya chini ya pasi ya moto hunirudisha kwenye mlango ule.

Wanafunzi wa shule moja ya Ulaya walikuwa wametuandikia barua juu ya bunge lao la kuigiza, kila mtoto akiwa mjumbe wa nchi ya Ulaya, na Mwalimu Nomsa akataka nasi tufanye hivyo. Jumatatu tuligawana nchi kwa kuokota vikaratasi. Jumanne ofisi ya shule ikawapa wazazi wageni barua: leteni vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Changu kilibaki Lubumbashi, tulikohama. Jumatano Mwalimu akaandika ubaoni hoja ambayo tulidhani imetoka kwenye barua ile ya Ulaya: mtoto aliyehamia apokelewe shuleni hata kama hana karatasi?

Niliamini kabisa kwamba kura ile ndiyo itakayoamua kama nitabaki.

Nilimweleza mama, fundi cherehani. Kwetu Wakongo hakuna shughuli bila nguo yake. "Mutoto yangu, mujumbe haendi na nguo ya kila siku," alisema, akanishonea gauni la kitenge chekundu na kijani, rangi za bendera ya Ureno, pamoja na kilemba.

Darasa zima lilicheka.

"Eish, Ureno imetokea Kinshasa," alisema Sipho, aliyekuwa Ujerumani. Kisha akasimama kupinga hoja. "Shule za Ujerumani ni za Wajerumani. Wengine warudi kwao."

Nilishika kilemba, nikasimama. "Mheshimiwa, wewe ulihamia Ujerumani lini?"

Sipho alihesabu siku kwa vidole. "Jumatatu."

Walicheka hadi Ugiriki ikaanguka kutoka kwenye kiti. Hoja ilipita, kumi na tisa kwa kumi na nane. Mkono wa kumi na tisa ulikuwa wa Sipho. Nilikimbia nyumbani kumwambia mama kwamba Ulaya imeniruhusu.

Nilibaki shuleni, na kwa miaka mingi nililishukuru gauni. Nilipoanza kujisomea mambo ya uraia ndipo nilipojua kwamba kura ya darasa hailazimishi ofisi yoyote. Nikamuuliza mama. Akaniambia kwamba Ijumaa ile Mwalimu Nomsa alimpeleka kituo cha polisi, ambako viapo huandikwa, wakaandika hati ya kiapo juu ya kuzaliwa kwangu, na ofisi ya shule ikaipokea badala ya cheti.

Mwalimu alipostaafu alinionyesha ile barua ya Ulaya. Hoja waliyotutumia ilihusu bei ya maziwa. Ile ya watoto wageni aliitunga mwenyewe, Jumanne jioni.