Udongo wa Pori kwenye Uyoga wa Mama Fatouma

Kila siku ya soko, kabla ya kutoka nyumbani, Mama Fatouma aliupaka uyoga wake uchafu. Alichota udongo mweusi chini ya gogo lililooza nyuma ya nyumba, akausugua taratibu kwenye mashina, akanyunyizia vipande vya majani makavu. Kisha alifunga kila fungu katika jani pana la mangungu, kama wafanyavyo wanawake wanaorudi kutoka msitu wa Masako.

Uyoga wenyewe haukuwahi kuuona msitu. Uliota ndani ya mifuko ya plastiki iliyojaa unga wa mbao na makapi ya mpunga, katika kibanda cha udongo ambacho marehemu mumewe, Mahmoudi, alikitumia kwa useremala. Kutoka hapo hadi soko la Kisangani ni kilomita kumi na nne za barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki.

Mwanzoni alikuwa mkweli. Alikwenda sokoni na uyoga mweupe, safi, ndani ya sahani, akaeleza jinsi alivyoulima. Watu waliinama, wakatazama, wakaondoka.

"Mayebo gani haina hata udongo?" mwanamke mmoja alimuuliza, akiugeuza uyoga kwa kidole. "Hii ni mambo ya ba-ONG na miradi yao. Kula weye kwanza."

Mara tatu alirudi nyumbani na uyoga uliokwisha kuwa wa manjano, kwa sababu ukishakatwa hauvumilii joto la siku mbili. Chantal, aliyeuza uyoga wa msituni kwenye meza ya jirani, ndiye aliyemhurumia.

"Mama, batu ba hapa banataka kuona pori," alimwambia. "Bon, uwape pori."

Akawapa. Kwa miezi mitano hakurudi na fungu hata moja. Nusu ya mzigo ilichukuliwa na Mama Josée, mwenye kibanda cha chakula karibu na mafundi wa pikipiki, mwanamke asiyecheka ovyo na anayeonja chumvi ya kila sufuria kwa mkono wake. Bila yeye, Mama Fatouma asingethubutu kuongeza mifuko. Sasa alikuwa nayo sitini, na karibu yote ilikuwa imeanza kutoa vichwa. Ndani ya wiki hiyo ingevunwa, na mtu wa kuuchukua uyoga wote huo alikuwa mmoja tu.

Ijumaa alipofika sokoni na mafungu kumi na moja, alikuta kelele. Usiku wa kuamkia Alhamisi familia ya watu watano ilikula uyoga wa msituni na kupelekwa hospitali. Walikuwa wameanza kupata nafuu, lakini Papa Ruphin, msimamizi wa soko, alikwisha kutoa amri.

"Mayebo ya pori, leo zéro!" alisema, akipita meza kwa meza. "Kila mutu amwange yake kwenye shimo. Sirudilie."

Chantal alimwaga uyoga wake shimoni. Papa Ruphin akasimama mbele ya beseni la Mama Fatouma.

"Papa, yangu haiko ya pori," alisema. "Ninailima nyumbani."

Meza zote zikaangua kicheko.

"Eeh! Tangu leo asubuhi?"

"Pori imekuwa na sumu, sasa yeye anatoka ndani ya pori!"

"Mama Fatouma, funga kinywa, umwange," Chantal alimnong'oneza. Hakutaka swali lifuatalo liwe nani aliyemfundisha.

Mama Josée alikuwa amefika na kapu lake. Alisikia yote. Hakucheka.

"Miezi tano," alisema. "Unaniambia ni ya pori, bateja bangu banakula. Donc ulinidanganya."

"Ningekuambia ya kweli, ungenunua?"

"Hapana."

"Basi."

"Basi nini? Ingekuwa mimi nimechagua."

Mama Fatouma aliomba ndoo ya maji. Uyoga huu hunyonya maji kama sifongo. Ukishaoshwa hauuziki tena, na yeye alilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale. Akafungua jani la kwanza, akatumbukiza fungu, akausugua ule udongo alioupaka alfajiri. Udongo ulipotoka, kitako cha shina kilionekana: nyuzi nyeupe zimeshikana na chembe nyekundu za unga wa mbao.

Mama Josée alilichukua, akalinusa.

"Mbao," alisema.

"Hiyo ni moja," Papa Ruphin alisema. "Na ingine?"

Akaosha yote kumi na moja. Maji ya ndoo yakawa meusi. Yote yalikuwa na unga wa mbao.

"Alors, kula," Papa Ruphin alisema.

Alikaanga fungu zima kwenye mbabula ya makaa ya muuza ndizi, kwa mafuta ya mawese na chumvi, akala mbele yao. Hakuna aliyeonja. Papa Ruphin alimruhusu kubaki sokoni, lakini hakuwa tena na kitu cha kuuza. Mama Josée alikwisha kuondoka, kapu tupu.

Kesho yake asubuhi pikipiki ilisimama nje ya kibanda cha uyoga. Mama Josée alishuka, akakung'uta vumbi la njia kwenye kitenge.

"Nionyeshe."

Mama Fatouma alimnawisha mikono, akamvua viatu, akafungua mlango. Mifuko ilining'inia kwenye fremu ambazo Mahmoudi alizitengeneza kwa kukaushia mbao, na karibu kila mmoja ulitoa mashada meupe kama masikio. Mama Josée alizunguka polepole. Kwenye kona alisimama.

"Na hizi tatu za kijani?"

"Zimeoza, mama. Unga ulikuwa na mafuta ya tronçonneuse, ile mashini ya kukata mbao. Ninatupa leo."

"Na mbegu?"

"Inatoka mujini, kwa maabara. Courant ya umeme ikikatika siku mingi, wanakosa, na mimi nakosa."

Mama Josée akavaa viatu.

"Bon. Usiniletee tena iliyokatwa. Leta mufuko. Unakata mbele ya macho yangu, na mbele ya bateja. Na unakula wa kwanza."

Hakusema amemsamehe.

Jumatatu Mama Fatouma alifunga mifuko sita nyuma ya pikipiki, akaitundika juu ya meza yake. Mama Josée alichukua robo ya alichokuwa akichukua zamani. Wengine walikuja kushangaa, wakagusa, na wachache wakanunua. Uyoga ambao haujakatwa haukuoza njiani. Hiyo ilikuwa faida. Lakini vumbi la soko liliingia mifukoni, na mfuko uliowahi kwenda mjini ukaota ukungu kabla ya mavuno ya tatu. Kati ya ile mifuko sitini, karibu ishirini uyoga wake ulizeekea kibandani bila mnunuzi.

Wiki tatu baadaye Mama Josée alifikia nusu ya kiasi cha zamani, na hapo akaganda. Kila asubuhi ya soko alisubiri hadi Mama Fatouma ameze tonge la kwanza. Ndipo alipofungua kapu.

"Na haya majani?" alimuuliza siku moja, akionyesha mangungu. "Bado unaniletea pori?"

"Ni ya kufungia tu, mama."

Mama Josée aliligeuza jani pande zote mbili, akalifuta kwa kidole kutafuta udongo. Hapakuwa na kitu. Akaweka fungu kapuni.