Sufuria Iliyoachwa Nje

Kwa miaka sita Kasyoka alilala na jembe chini ya kitanda na pasi ndani ya gunia la mahindi. Ile sufuria kubwa aliyopikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, ya kuuza sokoni Tawa aliiweka karibu na kichwa chake. Kiilu, mdogo wake wa pekee, aliuza chochote kilichouzika ili apate pombe ya chang'aa. Mbwa akibweka tu, moyo wa Kasyoka ulilipuka.

Chang'aa ikamuua Kiilu mwaka wa 1987. Wakamzika kando ya shamba la mbaazi. Kasyoka hakutoa hata chozi, na kina mama wa kanisa wakamwambia, "Sasa utapumzika."

"Kupumzika gani huko?" aliwaka.

Mbwa akibweka, bado aliruka. Akisikia nyayo uani, mkono ulitafuta sufuria kabla hajakumbuka. Hata akiwa sokoni alifunga biashara mapema, akakimbia nyumbani kuangalia vyombo. Vilikuwepo vyote, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

Jumamosi moja aliisugua ile sufuria hadi ikang'aa, akaiacha nje ya mlango makusudi.

Alfajiri alitoka mbio. Sufuria ilikuwa palepale, ina umande ndani. Kasyoka akaibeba hadi kwenye mbaazi, akaibwaga juu ya kaburi, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza.

"Kiilu!" alipiga kelele. "Si uchukue! Nimekuachia, si uchukue tu!"