Kahawa ya Boga kwa Umm Khalfan

Ipo siku moja ya Oktoba ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na juzi uliponiletea ile glasi ndefu ya kahawa baridi ya boga, ikanirudia yote. Wewe ulidhani nimenyamaza kwa kuwa sijui ninachokunywa. Nakijua sana. Nilikuwa nakitengeneza kabla hujazaliwa, tena bila hiyo mashine yako inayonguruma kama pikipiki, na nusura kimtoe bibi yako katika nyumba hii. Kaa basi nikueleze, na hiyo simu ilaze kifudifudi, haitakimbia.

Baba yako, kaka yangu Nassor, alikuwa kijana mwenye huruma tangu zamani. Babu yako alipofariki, aliona si vyema mama abaki kwenye ile fleti ya Hamriya, upande wa pili wa Maskati, ghorofa ya juu, na ngazi zenyewe zimechakaa. Akajenga nyumba hapa Hail, yenye ua na geti, akamhamishia hapa mwishoni mwa miaka ya tisini. Kila mtu alimpongeza. Hakuna aliyemuuliza mama. Kule Hamriya mlango wa kushoto walikuwa Wazanzibari kama sisi, wa kulia Wazanzibari, na wa chini mama mmoja aliyekulia Tanga. Mama akikaanga mandazi, sahani ilikuwa inazunguka jengo zima kabla chai haijachemka. Hapa Hail alikuta kuta. Watu wanatoka na gari, wanarudi na gari, na mama hakujua kuendesha. Kiarabu chake kilikuwa cha sala na cha sokoni, cha kuzungumzia hakuwa nacho. Akawa anakaa kwenye zulia mchana kutwa, simu pajani, akingoja watu wa Hamriya wapige. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi tuliona nyumba nzuri, yeye ndiye aliyekuwa anaishi ndani yake.

Mimi wakati huo ndiyo kwanza nimerudi kutoka masomoni Amerika, nimepata kazi katika ofisi moja kule Qurum, na najiona hakuna kama mimi. Huko nilikokaa, majani ya miti yakianza kuanguka, watu hutia boga katika kila kitu, katika mkate, katika keki, mpaka katika kahawa. Nikarudi na kibirika cha espreso, kile kidogo cha kuweka juu ya jiko, na kichwa kimejaa maarifa. Nilikuwa nachemsha boga, naliponda, nalichuja kwa kitambaa, kisha nalirudisha motoni pamoja na sukari nyekundu, mdalasini, tangawizi, kungumanga na punje mbili tatu za karafuu, mpaka liwe zito kama asali. Linakwenda chini ya glasi, juu yake barafu, halafu maziwa, na mwisho espreso inamiminwa polepole. Wenzetu kule huinywa ya moto kwa sababu ya baridi yao. Oktoba ya Maskati unaijua mwenyewe: kinachobadilika ni kwamba jioni unaweza kukaa uani bila kuchemka. Kwa hiyo barafu haikuwa anasa.

Mama aliitazama ile sufuria akasema boga yeye analijua la nazi, la kufuturia, na kwamba boga na kahawa hata kadhi asiye na haya asingewaozesha. Lakini alikunywa. Akaomba nyingine. Alichokataa tu ni kuiita kahawa.

Sasa, nyumba ya pili, tunayogawana nayo ukuta, alikuwa akikaa Umm Khalfan, Mungu amrehemu. Mjane kama mama, mtu wa bara ya Oman, kwao Rustaq, naye vilevile ameletwa mjini na watoto wake. Alikuwa na macho makali na barakoa usoni, ile ya wanawake wa Kiomani, na mimi nilikuwa namwogopa. Kwa muda mrefu yeye na mama walikuwa wakisalimiana getini tu. Ramadhani moja mama akampelekea sahani ya vitumbua, sahani ikarudi na halua. Baada ya Idi mama akapeleka tena, ikarudi tena. Hatimaye siku hiyo ninayokusimulia, mkwe wake akaja asubuhi kusema Umm Khalfan atakuja baada ya Alasiri kukaa na mama.

Ungemwona bibi yako siku ile. Alifagia palipokwisha fagiliwa. Akakaanga visheti, akapanga tende na matunda, akachemsha kahawa ya iliki, akaitia ndani ya dele lake la shaba na kuweka finjani zake ndogo pembeni. Alikuwa akiimba, mwanangu. Tangu tuhamie Hail sikuwahi kumsikia akiimba, na moyo wangu ulifurahi mpaka nikataka na mimi nichangie. Nikamwambia dele aliache jikoni, kahawa ya leo naitengeneza mimi, mgeni wa kwanza lazima aonje kitu ambacho hajapata kukionja. Mama akasita. Alikuwa hapendi kunivunja moyo, akaniachia.

Umm Khalfan akaingia, wakasalimiana salamu ndefu za kwao, akaketi, akala tende moja. Nikatoka jikoni na sinia. Glasi zenyewe ndefu, nimezijaza mpaka ukingoni, maana uzuri wa kinywaji kile ni kuonekana kimefika juu, na povu la maziwa limesimama. Nikampa yake kwa mikono miwili, na mrija ndani. Nikasema kwa Kiarabu, kwa fahari yangu yote, kwamba hii ni kahawa, khalti, yaani mama mkubwa, kahawa ya boga.

Aliitazama ile glasi. Akamtazama mama. Kisha akanywa funda moja, akaiweka chini taratibu, akashukuru, akasema amekumbuka ameacha mikate motoni. Mama akasimama naye, Kiarabu kimemkimbia chote, anarudia neno moja tu la kumwomba akae. Umm Khalfan akamshika bega, akamwombea heri, akatoka. Hata udi hatujauwasha, na unajua kwetu mgeni hatoki bila kufukizwa.

Nikasema labda hapendi boga. Mama alikuwa amekaa kwenye zulia, anazitazama zile finjani zake kavu.

"Si boga," akasema. "Umemjazia. Mgeni wa kahawa hutiliwa kidogo, akimaliza ukamuongeza, na akitosheka hukitikisa kikombe mwenyewe, kwa hiari yake. Ukimjazia mpaka juu ushamwambia anywe aende zake."

Nikabisha, mwanangu. Nikasema ile ni glasi, ina barafu, ina mrija, haihusiani na mambo ya finjani.

"Ungesema sharubati, angekunywa akaomba na nyengine. Weye umesema kahawa."

Desturi yenyewe nilikuwa naijua tangu utotoni. Nimemiminia wageni finjani robo robo tangu mkono wangu ulipoweza kubeba dele. Haikunipitia akilini kwamba desturi inaweza kuhama kutoka kwenye finjani ikaingia katika glasi. Elimu yangu ya Amerika ilikuwa imeniambia kilicho kipya hakina sheria, na yule mama wa Rustaq hakuwa na habari hiyo. Na fikiria mwenyewe: amejikusanya mwaka mzima mpaka akathubutu kuja kwa watu wasiosema lugha yake vizuri, halafu binti wa nyumba, msomi, anamjazia kikombe.

Jioni ile mama alimpigia baba yako akamwambia amtafutie chumba Hamriya, hata kimoja, na Ijumaa aje amchukue. Hakugomba. Angegomba ningepata pa kushika. Nassor akaja usiku ule ule, akakaa ndani ya gari pale nje muda mrefu bila ya kuingia, na mimi nikamwona kupitia dirishani ameinamisha kichwa kwenye usukani. Nyumba aliyoijenga kwa jasho lake imemshinda mama yake. Nililia sana, na niliona haya.

Nikamwambia mama nitakwenda kwa Umm Khalfan kueleza. Akanikataza. Akasema maji yakimwagika hayazoleki, na kwamba maelezo yangu kwa mtu mzima yatakuwa utovu wa adabu wa pili. Nikalala nikiamini hivyo. Kesho yake kazini nikajiambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kwamba kama maneno ni utovu wa adabu, basi sitasema maneno.

Niliporudi nikakata boga upya. Nikapika kila kitu vilevile, mdalasini vilevile, espreso vilevile, ila safari hii niliyachanganya yote na maziwa nikayatia ndani ya lile dele la mama, nikaliweka dele katika bakuli la barafu mpaka likatoka jasho. Mkono mtupu haulambwi. Nikachukua finjani zake, nikajifunga shela yangu, nikaenda kubisha geti la jirani.

Umm Khalfan alikuwa chini, barazani kwake, anachambua ndimu kavu. Alinipokea kwa salamu zote, habari za nyumba, habari za watu, habari za njia, kama vile sijatoka hatua chache tu kutoka hapo. Kisha akanitazama. Mimi sikukaa. Nilisimama kama anavyosimama mwenye kumimina, dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, nikamtilia kidogo tu, chini ya nusu. Akaangalia kiasi kile. Akanywa, akaonekana anashangaa ubaridi wake, akanyoosha mkono. Nikamuongeza. Akanywa, akanyoosha tena. Alipomaliza ile ya tatu nikangoja akitikise. Hakukitikisa. Alikishika tu mkononi.

"Nlidhani watu wa Zanjibar hamtutaki," akasema kwa Kiarabu chake.

Nikamwambia kwamba mama hakulala kwa ajili yake. Nikamwambia na mengine ambayo sikukusudia kuyasema: kwamba ameshaanza kufunga sanduku lake, kwamba Ijumaa anaondoka, kwamba mimi ndiye niliyemharibia. Umm Khalfan akainuka kwa tabu, magoti yalikuwa yakimsumbua, akajitanda abaya yake, na kile kikombe bado anacho mkononi. Nikanyoosha mkono kukipokea, akakataa.

"Sijakitikisa. Njoo unimiminie kwenu."

Basi tukatoka. Umm Khalfan, na barakoa yake, anapita barabarani mchana na finjani tupu mkononi, na mimi nyuma yake na dele, na dereva mmoja akasimamisha gari kutupisha, sijui alidhani tunakwenda wapi. Mama alikuwa chumbani anakunja kanga. Aliposikia sauti ya Umm Khalfan ikibisha hodi alitoka kama alivyo, kichwa wazi, na wale wawili wakasimama wanatazamana. Umm Khalfan akamwonyesha kikombe chake. Halikuhitajika neno. Mama akaanza kucheka huku machozi yanamtoka, akamvuta mkono, akamketisha.

Nilimimina mpaka dele likaisha, nikaenda kutengeneza jingine. Walizungumza kwa mikono zaidi kuliko kwa ndimi, na waliyoelewana sijui, lakini kila mmoja alilia kidogo na kila mmoja alicheka sana. Umm Khalfan alisema boga langu si baya, ila sukari nimeionea choyo. Magharibi ilipoadhiniwa wakasali pamoja, na baada ya sala ndipo akakitikisa kikombe. Tukamfukiza udi akaenda zake.

Mama hakurudi Hamriya. Kila Alasiri mmoja alikuwa kwa mwenziwe. Kiarabu cha mama kikanyooka, tena kwa lafudhi ya Rustaq, watu wa Hamriya wakawa wanamcheka kwenye simu. Umm Khalfan naye akajua Kiswahili cha kutosha kunisema mimi kwamba nimekonda na sijaolewa. Na siku mama alipofariki, miaka mingi baadaye, katika chumba hicho hapo, sisi wengine wote tulikuwa njiani. Aliyekuwa ameshika mkono wake na kumsomea shahada alikuwa Umm Khalfan.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi boga lako. Endelea nalo. Hicho hicho kitu kipya ndicho kilichomwondoa Umm Khalfan na ndicho kilichomrudisha, kwa hiyo kosa halikuwa la boga. Ninachokuasa ni hiki. Mgeni hakuja kuona ufundi wako, amekuja kukuona wewe, na ukimpa vyote kwa mara moja unakuwa huna sababu ya kurudi kwake. Mpe kidogo, urudi umuongeze, kila ukimuongeza mnapata neno jingine la kuzungumza. Haba na haba hujaza kibaba, na mapenzi ya jirani hujazwa hivyo hivyo. Na ukitaka kubadilisha jambo katika nyumba ya watu wazima, muulize mtu mzima kwanza na umsubiri ajibu, kwa sababu mama alisita siku ile na mimi niliona kusita kwake nikapita. Na ukishakosea, usikae kupanga maneno ya kujitetea. Nyanyuka uende kwa miguu yako, ukiwa umebeba kitu mkononi, mapema, kabla mtu hajafunga sanduku.

Wenzako wanakuja leo, nimekusikia ukiwaalika. Mwenyezi Mungu aubariki mkono wako unaomimina. Akujaalie nyumba ambayo mgeni akiingia husahau saa, akulinde na upweke wa kuta nzuri, na siku zako zitakapofika mwisho, sisi wengine tukiwa njiani, akupe jirani wa kukushika mkono. Amin.