Kipande cha Mgongo Juu ya Meko

Juzi nilikuwa Kagongwa, nikapita buchani kununua kilo moja ya mbuzi. Muuzaji akaniuliza, "Nichanganye na mgongo, mama, au steki tupu?" Swali la kila siku, nami nikabaki nikiutazama mgongo kwenye ndoano. Aliyekuwa nyuma yangu akaguna. Nikasema steki tupu, nikalipa, nikaondoka. Wala sikusikia uchungu. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua ni wako, lakini ukiugusa hausikii kitu.

Nilikulia upande wa Tinde, nyumbani kwa bibi mzaa baba. Kama nawe ulilelewa kwenye boma la namna ile, mji kama tunavyoliita sisi, unaijua harufu yake asubuhi: moshi, samadi, na michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa inayochemka na karanga. Baba alikuwa Geita, kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Aliondoka nikiwa darasa la kwanza. Mwanzoni alikuja mara moja kwa mwaka, baadaye akawa haji kabisa. Aliyelima ni mama. Alishika plau mwenyewe, mimi nikiwaongoza ng'ombe mbele, na jioni alilala kifudifudi kwenye mkeka nimkanyage mgongo. "Hapo hapo," alikuwa akisema, "kanyaga uti wenyewe." Nilizihesabu pingili zake kwa kidole gumba cha mguu.

Neno hilo la uti lilikuwa kila mahali. Ukutani mwa shule waliandika kwamba kilimo ni uti wa mgongo wa taifa, na mwalimu wetu alitukaririsha vizuri sana, kisha akatupeleka kupalilia pamba yake, nadhani ili taifa lisije likapinda. Kiangazi kimoja redio ya jirani ilitangaza homa ya uti wa mgongo, tukakatazwa kwenda mnadani. Bibi yeye alipolitaja alikuwa anazungumzia nyama, na pia mtu. Mbuzi akichinjwa, mgawaji alikuwa yeye. Maini aliyachukua mwenyewe kwa kuwa hakuwa na meno, utumbo ukawa wetu watoto, na kipande cha mgongo kilikuwa cha baba, kwa sababu ndiye uti wa mgongo wa mji. Baba hayupo? Kilipakwa chumvi, kikatungikwa juu ya meko kimsubiri. Kikiharibika alipewa mbwa, na mbuzi mwingine akichinjwa kikatungikwa kingine. Mama alipika chini ya nyama ile kila siku, miaka minne, wala hakuigusa. Nilimkasirikia bibi kwa jambo hilo, na nakiri bado namkasirikia kidogo.

Nilipokuwa darasa la tano, wakati wa palizi, alikuja mgeni na baiskeli. Alikuwa akichimba pamoja na baba. Mama alikuwa shambani. Bibi alimchukua mgeni hadi nyuma ya zizi, wakaongea wamesimama, kisha yule mtu akaondoka bila kunywa hata maji. Kwetu mgeni haondoki hivyo.

Bibi aliingia jikoni akakitungua kile kipande. Alikiosha, akakichemsha na karanga mpaka kikalainika, akasonga ugali, yeye ambaye hakuwa ameshika mwiko tangu mama aolewe. Mama aliporudi, udongo ukiwa bado miguuni, alikuta sahani inamsubiri.

"Kula, mayu," bibi alimwambia. Kwa Kisukuma hilo ni neno la heshima, kama kusema mama.

Mama aliitazama nyama, akatazama na juu ya meko, palipokuwa patupu. "Mama, hii si ya mwenyewe?"

"Ni yako. Uti wa mgongo wa mji huu ni wewe. Siku zote ulikuwa wewe, mjinga nilikuwa mimi."

"Na yeye?"

"Kula kwanza."

Nadhani alijua hapo hapo. Alitafuna tonge la kwanza, akaacha, akamwangalia bibi, kisha akaendelea, tonge baada ya tonge, kama anamalizia mstari wa palizi. Nilikuja kuelewa ukubwani. Msiba ukishatangazwa watu hujaa, na mama asingeweka kitu mdomoni siku tatu. Bibi alitaka ashibe kwanza, ndipo aambiwe kwamba duara limeporomoka na mumewe hakutolewa.

Sasa bibi hayupo, na mji ule umebaki ua wa minyaa tu. Wadogo zangu wanapikia gesi, na kila mtu hujipakulia kipande anachotaka. Sisemi ni vibaya. Mama anaishi Shinyanga mjini kwa mdogo wangu, mgongo umempinda, haitaji siku ile na mimi simuulizi.

Lakini kuna jambo sijamwambia. Alipobakiza pingili moja, alinipa mimi. Nilikuwa nimeitamani nyama ile miaka yote minne. Nikaanza kuinyonya, na hapo bibi akasimama mlangoni akapiga yowe la msiba, akalitaja jina la baba. Mama akaanguka chini, majirani wakaanza kuja mbio. Nilielewa kila neno. Nilijua baba yangu amekufa. Nyama ilikuwa tamu, na niliendelea kuinyonya mpaka uboho ukaisha.