Majina Yaliyobaki Kwenye Disketi

Mpaka leo nikipita mtaa ule wa Kariakoo nageuza uso. Stesheneri yenyewe ilishakuwa duka la mabegi, lakini hasira yangu haijahama.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, vitu vya nje vikamwagika mjini, na kila mwenye duka akataka kompyuta ionekane dirishani. Sisi kwetu kila Shaaban tunawasomea hitima marehemu wote wa ukoo. Maalimu hasomi kwa kukisia. Anapewa karatasi, anataja jina moja moja, watu wanaitikia. Majina hayo yalikuwa kwenye daftari la kaka yangu mkubwa. Aliyapokea kwa bibi yetu, mpaka ya watoto waliokufa wachanga. Mimi niliishia darasa la pili. Kuandika naandika, lakini ile ilikuwa kazi yake.

Daftari likaanza kuliwa na mende, nikalipeleka stesheneri. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, tumezoeana tangu ujana. Akampa binti yake mpiga chapa, binti akapiga majina yote, akaniwekea disketi mkononi, kile kibamba cheusi cha plastiki.

"Mama, humu hayatoki tena. Mende hawali plastiki."

Tukacheka. Nami nikaamini. Wakati ule nauza karanga Mnazi Mmoja, na karatasi za kufungia ni shida. Nikalichana lile daftari ukurasa kwa ukurasa, marehemu wetu wakaondoka na karanga za watu. Kosa hilo ni langu, silikatai.

Miaka mitatu mambo yakaenda. Shaaban ikikaribia napeleka disketi, natolewa karatasi mpya. Ya mwaka uliopita huwa haipo tena, maana juu ina Bismillahi na maalimu haruhusu jina la Mungu lizagae jalalani. Akimaliza kusoma anaichoma.

Mwaka wa nne kaka akafariki. Nikaenda na disketi yangu kwenye pindo la kanga, niongeze jina moja tu, lake yeye.

Nikakuta kompyuta nyingine, mpya, bado ina nailoni. Binti akaichomeka disketi, ikakoroma, kwenye kioo vikajaa vidude: viboksi, alama za kuuliza, mistari imelala ovyo.

"Nini hiki?"

"Ndiyo majina yenu, mama."

"Kwetu nani anaitwa hivyo?"

Akacheka, akaona sicheki, akaacha. "Programu imebadilishwa, mama. Hii mpya haiisomi ile ya zamani."

"Mlipobadilisha mliniuliza?"

Mzee akatoka nyuma ya kaunta. "Mama, si sisi. Huko zinakotoka wameleta mpya, na wateja wote wanataka mpya."

"Mimi si mteja?"

Akakuna kidevu.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Nimewauzia mafundi, mtaa wa Gerezani."

Nikaenda Gerezani kwa miguu, jua la saa saba utosini. Nikauliza karakana hadi karakana mpaka nikaikuta. Fundi ameikalia. Kweli kabisa, ameikalia! Kasha lile lile, ametandika gunia juu, anagonga sufuria.

"Ya ndani yote nilishauza, mama. Lakini kiti kizuri. Karibu ukae."

"Kalia mwenyewe," nikamwambia. Nikarudi zangu.

Siku ya hitima maalimu akapitisha mkono kwenye pazia lililotutenga wanawake na wanaume. "Karatasi, mama."

"Hakuna. Nitataja mimi."

Wanawake wenzangu wakaguna. Nikaanza na kaka, nikapanda kwa baba, mama, bibi, shangazi zangu. Maalimu akawa anayarudia, watu wanaitikia. Nikafika kwa mapacha wa kwanza wa mama, waliokufa kabla sijazaliwa. Hapo nikakwama. Majina yao nimeyasikia kila mwaka maisha yangu yote, nimeyaitikia kwa mdomo huu, na sikuwahi kuyashika kwa kuwa yameandikwa.

"Mungu anawajua, mama," akasema maalimu. "Tuendelee."

"Mungu hakuwasahau. Niliyewasahau ni mimi. Ngoja."

Wakangoja. Pilau ikapoa jikoni, mtu akakohoa upande wa wanaume. Hayakuja.

Mwisho nikasema, "Wasomee wale wawili wa mama." Akasoma hivyo hivyo, na kila Shaaban wanasomwa hivyo hivyo. Wajukuu wameshaniambia niitupe disketi, siku hizi hakuna hata pa kuichomeka. Sitaitupa. Wale watoto wamo humo na majina yao kamili, na waliowafungia mlango hawajawahi hata kuniomba radhi.