Oili ya Pikipiki ya Bibi

Usiku ule, kuamkia arobaini ya Bibi, nililala na nguo nilizoshinda nazo. Nilikuwa nimemenya viazi na shangazi zangu mpaka vidole vikakunjamana, lakini kilichonichosha zaidi ni kunyamaza. Kesho yake ukoo ungekaa kugawa vitu vya marehemu. Pikipiki ilikuwa iende kwa Baba mdogo Gervas, kitinda mimba wake, na hilo lilijulikana siku nyingi. Sasa Babu alikuwa ameapa mbele ya watu kwamba Gervas hatapata hata kijiko, na pikipiki itauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kosa lenyewe lilikuwa langu, na hakuna aliyejua.

Nieleze kwanza hiyo pikipiki, maana bila yenyewe ndoto haieleweki. Ni ya Kijapani, ya zamani sana, nyekundu iliyopauka ikawa rangi ya tofali. Bibi alikuwa mkunga wa zahanati, na kwa pikipiki hiyo alipanda milima yote ya huku kwetu Mbinga kwenda kuzalisha. Injini yake siyo kama za bodaboda wa siku hizi. Petroli yake lazima uichanganye na oili kabla hujaimimina kwenye tangi, la sivyo vyuma vya ndani vinasagana vikiwa vikavu. Bibi hakuwahi kutumia kipimo cha dukani. Alipimia kifuniko cha chupa ya chai. Kifuniko kimejaa, dumu dogo la petroli, tikisa, mimina. Mimi nilijifunza hivyo nikiwa hata kwenye kiti chake sifiki. Nilijifunza pia kusugua plagi kwa mswaki mkuukuu, kupaka mnyororo grisi, na kufungua kabureta na kupanga vipande vyake juu ya ungo ili kisipotee hata kimoja. Kazi zote hizo tulizifanyia jikoni, na Babu alilalamika kwamba ugali wake unanuka petroli.

“Mwache mume wetu,” Bibi alikuwa akiniambia, kwa sauti ya makusudi ili Babu asikie. “Wivu unamsumbua. Anajua mimi na mke mwenzangu tunaweza kuwasha tukaondoka.”

Ndivyo alivyoniita, mke mwenzangu. Najua mabibi wengi wanawatania hivyo wajukuu zao, lakini mimi nisiyejua kuongea na watu nilijiona mtu kila akiniita.

Alipofariki, nikabaki mimi tu ninayeijua pikipiki yake. Kwenye msiba wageni walikuwa wengi, chupa ya chai ya zamani ikaanguka, kioo chake cha ndani kikavunjika, ikanunuliwa nyingine. Wiki ya arobaini Baba mdogo akaniambia nimwandalie pikipiki apeleke miche ya kahawa ng'ambo ya mlima. Nikapimia kifuniko, kama nilivyofundishwa. Alipowasha, moshi ulitoka mwembamba. Bibi akiwasha jikoni tulikuwa hatuonani kwa moshi. Mimi nikafurahi. Nikadhani nimeisafisha vizuri kumshinda hata yeye.

Injini ilinoki, vyuma vikashikana, katikati ya mlima. Gurudumu la nyuma lilikamata ghafla, Baba mdogo akaanguka na miche yake. Alirudi akiisukuma, kiwiko kinavuja damu. Babu hata hakukitazama kile kiwiko.

“Umeiendesha kama mwehu,” alisema. “Umemuua mama yako mara ya pili. Hapa kwangu usile tena.”

Baba mdogo, ambaye kwake kila neno ni mzaha, alichukua koti lake akaenda kukaa kwa jirani. Jioni ile nikammiminia Babu chai kwenye kifuniko cha chupa mpya, akaimaliza kabla sijairudisha chupa mezani. Nikakitazama kile kifuniko. Kilikuwa nusu tu ya kile cha zamani, na ndicho nilichopimia oili. Nikaelewa kila kitu, pale pale nimesimama. Kisha nikaenda kuosha vyombo.

Sasa ndoto.

Nilikuwa jikoni. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, amevaa gauni lake jeupe la zahanati na viatu vya mvua, na injini iko mapajani mwake kama mtoto anayeogeshwa. Sikushangaa kumwona. Nilichoona aibu ni kwamba sakafu haijafagiliwa.

“Shika hapa,” alisema.

Nikashika. Chuma kilikuwa cha moto, na kilipumua. Nikataka kuondoa mkono, lakini mkono haukutoka, na Bibi anaendelea kufungua nati moja moja, anaziweka kwenye ungo, na kila akiweka nati inalia kidogo kama kifaranga. Ukuta wa jikoni ukawa haupo. Tuko kwenye korido ya zahanati. Kina mama wamepanga mstari, wamebeba vichanga, na vichanga vyote vinanuka petroli. Mama mmoja ananiuliza, “Wewe ndiye fundi?” Nataka kusema siyo mimi. Mdomo unatoa moshi mwembamba, basi.

Bibi anacheka. Kicheko chake ni kile kile, kinachoanzia puani.

“Mke mwenzangu ana aibu huyu,” anawaambia wale mama. “Hata kupiga chafya anaomba ruhusa.”

Wanacheka wote, na hawacheki kwa ubaya. Halafu hawapo. Tuko mlimani, mahali pale alipoanguka Baba mdogo, na miche imelala barabarani mizizi juu. Bibi anaitoa pistoni, anaifuta kwa upindo wa gauni lake jeupe, anaishika kwenye mwanga. Ina michirizi mirefu, kama iliyoparurwa na paka. Anapitisha kucha yake juu ya kila mchirizi, taratibu sana. Mimi nasubiri aniulize. Moyo wangu unapiga mpaka mawe ya barabarani yanatingishika. Nimeshaandaa jibu. Nitasema chupa ilivunjika, nitasema hakuna aliyeniambia, nitasema nilikuwa na mitihani.

Hakuuliza. Alinipa pistoni nishike, ikawa nyepesi kuliko yai.

“Injini inachongwa tena,” alisema. “Silinda inapanuliwa, inawekwa pistoni nyingine, inanguruma. Chuma hakina shida.”

Akaanza kuokota miche, anaikung'uta udongo, anaiegemeza kifuani.

“Gervas amekula?”

Nikaitazama pistoni.

“Nakuuliza, mke mwenzangu. Mwanangu amekula?”

Hapo ndipo nilipomwona usoni vizuri, na hakuwa amekasirika. Afadhali angekasirika. Alikuwa na uso ule wa kurudi kuzalisha usiku kucha, uso wa mtu anayetaka tu kusikia kwamba nyumbani wote wazima, akalale. Nikataka kumwambia ndiyo, amekula, ameshiba, apumzike. Nikafungua mdomo, na pistoni mkononi mwangu ikaanza kuwa nzito, nzito zaidi, ikanivuta chini mpaka magoti yakagusa barabara. Na Bibi anatembea anashuka mlima na miche yake, viatu vya mvua vinapiga chwata, chwata, hageuki.

“Bibi!” nikaita. “Nimesikia!”

Nikaamka mkono umekufa ganzi chini ya shavu. Kulikuwa kumepambazuka. Nje shangazi zangu walikuwa wanagombana kuhusu sufuria la wali.

Babu alikuwa uani, amekaa kwenye kiti chake, anajifunga kamba za viatu vya kanisani. Nyumbani kwetu ukimwota marehemu unasema kabla ya salamu, ndivyo nilivyokuta. Nikasimama mbele yake.

“Babu, nimemwota Bibi.”

Mikono yake ikaacha kamba. “Alikuwaje?”

“Mzima. Alikuwa anafungua injini.”

“Hajaacha tu,” alisema. “Kasema nini?”

“Kauliza kama Baba mdogo amekula.”

Shangazi mkubwa alikuwa amesikia, akaja na mwiko wake mkononi, akasimama. Niliona machozi yanaingia kwenye ndevu za Babu. Hakuyafuta.

“Nenda kamwite,” alisema mwishowe. “Mwambie mama yake anamwita chai. Na pikipiki ataichukua hivyo hivyo ilivyo mbovu. Nimemsamehe.”

“Umeona sasa!” Shangazi akaniambia, ananipigapiga mgongoni. “Kimbia, mama. Kimbia kabla hajabadilisha mawazo.”

Naandika ukweli hapa. Nilipiga hatua kwenda. Kila kitu kilikuwa kimekaa sawa. Baba mdogo atakula, pikipiki atapewa, na Bibi hakunitaja jina, kwa hiyo hakuna ambaye angejua kamwe. Nilifika hadi kwenye ua wa michongoma. Kisha nikalisikia lile neno la Babu likinipita kichwani. Nimemsamehe. Anamsamehe nini?

Nikarudi. Shangazi akasema, “Wewe vipi tena?” Sauti yangu ilipotoka ilikuwa ndogo, ikabidi Babu ainamishe sikio.

“Babu, usimsamehe Baba mdogo. Yeye hajakosa. Oili niliiweka mimi, na niliiweka pungufu.”